Njia Ikifungwa kwa Sababu ya Moto

Masomo ya juma: Yoeli 1:13–20, Kutoka 22:5–6, Kutoka 23:10–11, Hesabu 20:14–21



Tunapomsoma nabii Yoeli huwa tunakimbilia sura ya pili, pale Mungu anapoahidi kumwaga Roho wake juu ya wote, wazee kwa vijana. Sura ya kwanza tunaipita upesi. Juma hili naomba tukae hapo kwenye ya kwanza, maana inazungumza na watu wanaofuga. Nzige wamemaliza mashamba. Mbegu zimeozea ardhini. Ng'ombe wanazunguka huku na huku hawaoni pa kulisha, na kondoo wanateseka pamoja nao. Juu ya hayo yote unakuja moto. Nabii anamlilia Bwana kwamba malisho ya nyikani yameliwa na moto na miti ya kondeni imeteketea, na kwamba hata wanyama wa porini wanamtazama Mungu kwa kuwa vijito vimekauka.

Yoeli hasemi nani aliuwasha. Hatafuti mtu wa kumnyooshea kidole. Agizo lake, katika mstari wa 14, ni kwamba wazee waitwe na wenyeji wote wa nchi wakusanyike nyumbani mwa Bwana. Kwake yeye balaa la moto na ukame ni jambo la mkutano. Watu wakae pamoja, walie pamoja, waamue pamoja.

Sisi wa Nkoma, hapa Simiyu, tunaijua sehemu hii ya mwaka. Pamba imekwisha kupimwa na kuuzwa. Mabua yanang'olewa na kurundikwa, na kanuni za zao zinatutaka tuyachome ili funza wa vitumba wasipate pa kungojea msimu mpya. Kwa hiyo moto wa shambani wenyewe ni wajibu wa mkulima, si uovu. Lakini upepo wa mchana haujui kanuni za pamba. Cheche ikiruka kutoka kwenye rundo la mabua hadi kwenye nyasi zilizosimama tangu masika, hakuna awezaye kuirudisha. Na nyasi zilizosimama mwezi huu ziko wapi? Kwenye mapito ya ng'ombe zimekwisha. Kandokando ya malambo zimekwisha. Zimebaki ndani ya ngitili.

Kwa ajili ya vijana waliokulia mjini, acheni nieleze kidogo. Ngitili ni ardhi inayofungwa mvua zinapoanza, kwenye Novemba hivi, ili ng'ombe wasiingie. Majani yanaota, yanarefuka, yanakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikishakaza, Julai au Agosti na kuendelea, inafunguliwa kipande kwa kipande ili mifugo ivuke salama hadi mvua mpya. Nyingine ni za kaya, nyingine za kijiji, nyingine za shule au za kikundi. Humo ndani mna kuni, dawa, nyasi za kuezekea, asali na matunda ya porini. Babu zetu walikuwa nazo tangu zamani. Katika karne iliyopita zilipungua vibaya. Miti ilifyekwa ili kumaliza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970 watu walihamishwa wakaacha ngitili zao nyuma. Shinyanga, ambayo sisi tulikuwa ndani yake hadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, ikafikia kuitwa jangwa.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimeandikwa hazikuzidi sana hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika Shinyanga ya zamani, Bariadi ikiwemo. Miti ilipandwa, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya uoto ule ilirudi yenyewe. Visiki vilikuwa bado hai chini ya udongo, mizizi ilikuwepo, mbegu zilikuwepo. Kilichohitajika ni watu kukubali kutoingia kwa muda. Ninawaomba mlitafakari hilo polepole, hasa wale wanaoamini kwamba kila neema ya Mungu lazima ije kwa sisi kutenda jambo fulani. Nchi hii ilipona kwa sehemu kubwa kwa sababu wazazi wetu walijizuia.

Hapo ndipo penye uchungu wake pia. Ngitili ni ghala lisilo na paa, na kadiri mtu anavyoitunza ndivyo anavyolimbikiza nyasi kavu. Aliyetii masharti kuliko wote ndiye mwenye mengi ya kuungua. Jirani aliyechungia ovyo ngitili yake tangu Machi hana cha kupoteza, moto ukifika kwake unakuta vumbi. Na ngitili ikiungua Septemba, mvua ya kuirudisha iko mbali. Ng'ombe wa kaya hiyo watapelekwa mnadani wakiwa mifupa mitupu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, au watasogezwa kuelekea mpaka wa Pori la Akiba la Maswa, na mnajua wote yanayofuata huko: kukamatwa, faini, kesi, na mara nyingine mauti ya vijana wachungaji.

Kwa sababu hiyo zipo siku ambazo uongozi wa kijiji, pamoja na afisa misitu, unalazimika kusema neno gumu. Asiingie mtu. Mchungaji wa ng'ombe asiingie, mama mwenye kamba ya kuni asiingie, mrina asali asiingie, mchoma mkaa ndiyo kabisa asiingie, na ile njia ya mkato inayokatiza katikati ya ngitili ifungwe hadi hali ibadilike. Neno hilo likitangazwa, manung'uniko huanza kabla mtangazaji hajafika nyumbani kwake. Nayasikia hata mlangoni mwa kanisa. Mmoja anasema hajawahi kuwasha moto porini maisha yake yote. Mwingine anasema yeye hata sigara havuti, anapita tu, nyumba yake iko upande wa pili. Kwa nini aadhibiwe kwa kosa ambalo hajalitenda?

Hilo ni swali la haki, na mtu anayeuliza kuhusu haki hanyamazishwi kwa kuambiwa atii mamlaka. Acheni nijaribu kulijibu.

Jumamosi ya tarehe 17 Juni 2017, moto uliwaka katika misitu ya Pedrógão Grande, katikati ya Ureno. Ureno ni nchi tajiri kuliko sisi, ina ndege za kuzimia moto na magari ya zimamoto. Moto huo uliua watu 66. Kati yao 47 walifia kwenye barabara moja, barabara namba 236-1, wengi wakiwa ndani ya magari yao na wengine hatua chache kutoka kwenye magari. Barabara ile ilipita msituni, na haikufungwa kwa wakati. Hakuna hata mmoja kati ya wale 47 aliyekuwa barabarani ili kuwasha moto. Walikuwa wasafiri, walikuwa familia zinazokimbia kuokoa watoto. Moshi ukafunga macho, miali ikavuka barabara, magari yakagongana, basi. Nikisoma habari za barabara ile siwezi tena kumsikia mtu akisema "napita tu" nikaona kwamba ni maneno madogo. Moto haumuulizi anayepita amekuja kufanya nini.

Njia inafungwa kwanza kwa ajili ya yule anayepita. Ulinzi wa ngitili unakuja baadaye.

Na kuna wengine ambao anayelalamika huwasahau: wanaokwenda kuuzima moto. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza kwenye Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, mahali wanapopumzika wapanda mlima wakitoka Mandara kwenda Horombo. Mamlaka ya Hifadhi za Taifa, TANAPA, ilisema wakati ule kwamba dalili za mwanzo zilionyesha moto ulitoka kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Tazameni jinsi chanzo chenyewe kilivyo cha kawaida. Vijana wako kazini, wamebeba mizigo ya watu wengine, wanataka kuwapa wageni chakula cha moto kwenye baridi ile. Hakuna chuki hapo wala uhalifu. Lakini nyasi na vichaka vya mlimani vilikuwa vikavu, upepo ulikuwa mkali, na makumi ya kilomita za mraba yakaungua kwa zaidi ya wiki nzima. Nani walikwenda kuuzima? Askari wa hifadhi na zimamoto, ndiyo, lakini pia mamia ya wanavijiji na wanafunzi wa vyuo vya Moshi, waliopanda mlima wakiwa na mapanga na majembe, wakikata njia za kuzuia moto na kuupiga kwa matawi mabichi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima uliwaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Mara zote mbili ni Oktoba, mwisho wa kiangazi, mwezi uleule ambao sisi huku tunahesabu siku za mvua.

Hapa kwetu mwano, yaani yowe la kuita msaada, ukipigwa, wanaokimbia ni sungusungu na vijana wa kitongoji, wengine miguu mitupu. Hatuna gari la zimamoto linaloweza kufika Nkoma kabla nyasi hazijaisha. Kwa hiyo mtu anapovuka kizuizi kwa siri akisema hatari ni yake mwenyewe, hasemi kweli. Akizingirwa na moshi, kijana wa mama fulani atatumwa kumtafuta. Ndiyo maana nasema kukubali kizuizi ni upendo wa jirani ulio halisi kabisa. Ni upendo kwa kijana ambaye huenda hata humfahamu, na ambaye leo, kwa sababu umebaki nyumbani, hatatakiwa kuingia motoni kukufuata.

Sasa tufungue Kutoka 22. Wengi hudhani sheria za Musa zimejaa kafara na ukuhani tu, kisha wakifika kwenye sura hii wanashangaa, maana inasomeka kama kumbukumbu za baraza la kijiji. Mstari wa 5 unamzungumzia mtu aliyeacha mnyama wake akala shamba la mwenzake. Atalipa kutoka sehemu iliyo bora ya shamba lake mwenyewe. Mstari wa 6, palepale bila kuvuta pumzi, unamzungumzia mtu aliyewasha moto ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya mwingine, iwe imefungwa miganda au bado imesimama. Aliyeuwasha atalipa. Mifugo na moto vimewekwa bega kwa bega. Aliyeiandika sheria hii aliishi na watu kama sisi, walio na ng'ombe, walio na wigo wa miiba, walio na upepo.

Sheria haiulizi kama alikusudia, na hilo hunigusa kila ninapolisoma. Miiba ile pengine aliichoma kwa nia njema ya kusafisha shamba, kama sisi na mabua yetu. Mungu anajali nia, Maandiko yote yanashuhudia hivyo. Lakini katika jambo la moto anamtazama kwanza yule aliyepoteza nafaka, anauliza atakula nini. Wasukuma walifika palepale kwa njia yao. Dagashida, baraza letu la jadi, iliweka masharti ya ngitili, na aliyeyavunja alitozwa mchenya, yaani faini, awe amekusudia au amezembea. Leo kuna sheria ndogo za kijiji, na juu yake kuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayozuia kuchoma uoto ovyo na kutaka kibali. Sheria hizi hazijatoka mbali na mila zetu kama wengine wanavyodhani.

Mpaka hapa nimesema na wanaozuiwa. Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na viongozi wangenishukuru. Lakini sitakuwa mchungaji wa kweli nikinyamazia upande wa pili.

Watu wa Simiyu wana sababu ya kuogopa ardhi ikifungwa. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Pori la Akiba la Maswa likafuata mwaka 1962. Wapo wazee katika ukanda huu ambao babu zao walichungia na kuwinda mahali ambapo leo mjukuu akionekana na fimbo anakamatwa. Sisemi hifadhi zile hazina faida, wanyama wale ni kazi ya mikono ya Mungu na nchi inapata fedha kutoka kwao. Nasema kwamba masikio yaliyosikia "marufuku" isiyo na mwisho hayawezi kuisikia "marufuku" ya wiki tatu bila kushtuka. Kiongozi anayekasirika kwamba watu ni wakaidi aanze kwa kukumbuka historia hiyo. Watu hawapingi kuzima moto. Wanaogopa kwamba moto ukizimika lango litabaki limefungwa.

Dawa ya hofu hiyo ni tarehe. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilifunga karibu misitu yote ya taifa katika jimbo la California kwa sababu ya moto, kuanzia usiku wa tarehe 31 Agosti. Ilitangaza tangu mwanzo kwamba amri itaisha tarehe 17 Septemba, na hali ilipopata nafuu wakaiondoa amri hiyo tarehe 15, siku mbili kabla. Huko Kanada, jimbo la Nova Scotia lilifunga misitu tarehe 5 Agosti 2025. Ilikuwa marufuku kutembea humo, kupiga kambi, kuvua samaki, kuendesha magari, na faini ilikuwa dola 25,000 za nchi hiyo. Nao walitaja mwisho, tarehe 15 Oktoba, au mapema zaidi kama mvua ingeruhusu. Watu walilalamika sana, hata mmoja akaingia makusudi ili atozwe faini apate njia ya kwenda mahakamani. Sipendi alichofanya, lakini naona afya katika nchi ambayo anayezuiwa anaweza kuuliza kwa sauti na serikali ikalazimika kujibu kwa sababu. Kumbe hata ngitili yetu ina tarehe. Inafungwa kwa kujua itafunguliwa. Mzee anayefunga Novemba anawaambia wanawe ni mwezi gani ng'ombe wataingia, na ndiyo maana wanawe wanamtii.

Kwa hiyo, ndugu zangu viongozi mnaosali pamoja nasi, mkifunga njia, semeni siku. Kama hamwezi kusema siku, semeni mtakutana lini kuipima hali upya, na mkutane kweli.

Jambo la pili ni usawa. Lile jimbo la Nova Scotia lilimruhusu mwenye msitu wake binafsi kuingia humo, lakini hakuruhusiwa kumwalika mtu mwingine aingie naye. Hata mwenye mali alibanwa. Kwetu udhaifu uko wapi? Tunajua. Mama akikutwa na kichwa cha kuni, kuni zinachukuliwa na anatozwa. Ng'ombe mia mbili wa mtu mzito wakionekana ndani ya ngitili iliyofungwa, tunaambiwa mchungaji alisinzia. Siku watu watakapoona ng'ombe wale nao wakitolewa na mchenya ukilipwa hadharani, hakuna atakayehitaji kuhubiriwa utii. Na siku watakapoona vinginevyo, mahubiri yangu yote ya leo yatakuwa kelele.

Jambo la tatu ndilo linalonikosesha usingizi, nalo liko katika Kutoka 23. Mungu anawaamuru Israeli wapande miaka sita, na mwaka wa saba waiache ardhi ipumzike bila kulimwa. Huo nao ni ufungaji, na una tarehe yake. Lakini mstari wa 11 unasema kwa nini: ili maskini wa watu wako wapate kula, na kinachosazwa na maskini kiliwe na wanyama wa kondeni. Mungu anapoifunga ardhi anamtaja maskini katika sentensi ileile. Hamwachi agundue mwenyewe kwamba hana pa kwenda. Kabla ya mwenye shamba, kabla ya wanyamapori, yuko yeye.

Tuipime hali yetu kwa kipimo hicho. Ngitili ikifungwa ghafla mwezi huu, mwenye mabati na mtungi wa gesi hatajua hata kama imefungwa. Atakayejua ni bibi anayelea wajukuu watatu na anayepika kwa kuni alizookota asubuhi ileile. Atajua mwenye ng'ombe wawili wa maziwa ambao malisho yao ya Septemba yalikuwa humo. Atajua mtoto ambaye njia ya mkato imefungwa, sasa anazunguka kilomita nyingi zaidi kwenda shule akiwa hajala. Hawa hawakuwasha moto, na sisi tunawaambia wabaki nje kwa faida ya wote. Kama ni kwa faida ya wote, basi gharama nayo iwe ya wote. Kumzuia bibi yule asiokote kuni kisha kumwacha alale bila kupika ni kumtoza yeye peke yake kodi ya usalama wetu.

Kuna wakati watu wa Mungu walizuiwa njia bila sababu nzuri hata kidogo. Katika Hesabu 20 Musa anatuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba wapite Njia Kuu ya Mfalme. Anaahidi hawatakanyaga shamba wala mzabibu, hawatakunywa maji ya visima, hawatakengeuka mkono wa kuume wala wa kushoto. Edomu anakataa. Wanaomba tena, wanasema hata maji watayalipia. Edomu anatoka na jeshi. Israeli wakageuka wakazunguka, na mwendo ule mrefu uliwachosha hata wakaanza kumlalamikia Mungu na Musa. Edomu hakuwa na moto wa kuzuia, alikuwa na kinyongo. Hata hivyo Musa hakumwaga damu kwa ajili ya barabara. Ninawapa habari hii ninyi mnaozunguka majuma haya kwa miguu, mkiwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Biblia haifichi kwamba kuzunguka kunachosha. Wala haisemi kwamba waliozunguka walikuwa wajinga.

Sasa tufanye nini kuanzia kesho.

Alhamisi wazee wa kanisa watakwenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Wataomba mambo mawili. Kwanza, njia yoyote ikifungwa kwa ajili ya moto, tangazo litaje siku ya kufungua au siku ya kukutana tena, na lisomwe makanisani, msikitini, mnadani na shuleni, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Pili, njia ya kuzungukia itajwe wazi na itunzwe, ili watoto wa shule wasijaribu kupenya. Tutawaeleza pia kwamba kanisa liko tayari kutoa vijana wa kusafisha njia za kuzuia moto kuzunguka ngitili ya kijiji, asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka.

Wenye pamba, msichome mabua mchana. Chomeni alfajiri upepo ukiwa umelala, mkiwa wengi, maji na matawi yakiwa karibu, na majirani wakiwa wamejulishwa. Na zaidi ya hapo nina ombi. Mabua ya pamba ni kuni nzuri, mama zetu wanajua. Badala ya kuyateketeza yote kondeni, tuyapeleke kwenye majiko ya wale waliozuiwa kuokota kuni ngitilini. Yapikiwe upesi, yasilazwe nyumbani hadi mvua, maana funza watatoroka na afisa kilimo atakuwa na haki ya kutulaumu. Funza atakufa mekoni kama ambavyo angekufa shambani, na rundo moja la hatari litakuwa limepungua.

Wenye ngitili za kaya ambazo bado zina majani, mwenye ng'ombe wawili au watatu aliyefungiwa akija kwenu, mpeni kona ya kuchungia, kwa siku mtakazokubaliana. Mwenye mashudu ya ziada, au mabua ya mahindi, ayalete kanisani. Mama mashemasi wataandika nani ana uhitaji gani, wawe wa kanisa letu au la.

Mikokoteni inahitajika. Mwenye nao, uwe wa ng'ombe au wa punda, aje Ijumaa saa moja asubuhi. Tutaanza na nyumba za wajane zinazopakana na ngitili ya kijiji, kisha upande wa barabara ya Lagangabilili.